Daftari la Deni na Rafu Tupu: Misingi ya Utafiti wa Biashara kwa Anayeanza Malindi

"Changamoto za wafanyabiashara wadogo Malindi" si swali la utafiti. Ni kichwa cha hotuba. Anayeingia sokoni na kichwa hicho atarudi na malalamiko yale yale: mtaji mdogo, ushuru mwingi, wageni wamepungua. Hatakuwa na njia ya kujua lipi kati ya hayo linalofunga maduka na lipi husemwa kwa sababu kila mtu hulisema. Swali linalotafitika hutaja nani, kitu gani kinachopimika, na kwa muda gani. Mfano: je, maduka ya rejareja ya vyakula mjini Malindi yanayouza zaidi kwa deni huishiwa na bidhaa mara nyingi kuliko yanayouza zaidi kwa taslimu, ndani ya wiki nane? Swali ni dogo, na ndiyo maana lina jibu. Hebu tulifuate.

Kwanza, maana. Deni ni kigezo huru, yaani kinachodhaniwa kuathiri, na kuishiwa ni kigezo tegemezi, yaani kinachodhaniwa kuathiriwa. Kila kimoja kielezwe mpaka watu wawili wakitumwa duka moja kwa wakati mmoja, kila mtu peke yake, warudi na jibu moja. Mteja aliyechukua mkate asubuhi akalipa jioni, amekopa? Sukari aliyoibeba mwenye duka kwenda nayo nyumbani, ni deni? Amua kabla ya kutoka, kwa mfano hivi: deni ni bidhaa iliyouzwa kwa mteja na haikulipiwa mpaka duka lilipofungwa siku hiyo. Kuishiwa nako kupimwe kwa macho. Chagua bidhaa tano ambazo duka la mtaani halifai kuzikosa: unga wa mahindi wa kilo 2, sukari, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia. Kila ziara andika 1 kwa isiyokuwepo na 0 kwa iliyopo. Ziara mbili kwa wiki, kwa wiki nane, ni ziara 16, kwa hiyo alama za duka ziko kati ya 0 na 80.

Kwa nini tusiulize faida moja kwa moja? Kwa sababu neno "faida" hubeba mambo tofauti kwa kila mtu. Kwa mwingine ni pesa zilizobaki kwenye droo jioni, kodi ya chumba ikiwa bado haijalipwa na nauli ya mtoto ikiwa imeshatolewa. "Mapato" nayo huchanganywa na mauzo. Tena, anayeulizia faida hudhaniwa ametumwa na watu wa kodi, na tarakimu hushuka papo hapo. Rafu haina hofu hiyo.

Sasa orodha ya maduka, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kimya kimya. Orodha ya leseni za biashara za kaunti ni mwanzo mzuri, lakini kibanda kisicho na leseni hakimo, na duka lililokufa katikati ya mwaka bado limo. Ifanyie kazi kwa miguu. Gawa kila mtaa kwa njia zake, watu wawili wapite kila njia wakiandika kila duka wanaloliona, kisha linganisha na orodha ya kaunti. Wafike mpaka ndani kabisa ya mitaa kama Maweni na Barani, si barabara ya lami peke yake.

Wingi hautibu orodha mbaya. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni karibu milioni 10, nyingi kwa majina yaliyotoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, zikasema mgombea Landon atashinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, akashinda majimbo 46 kati ya 48. Wasiokuwa na simu wala gari hawakuwemo vya kutosha kwenye orodha, na waliojijibia wenyewe hawakufanana na walionyamaza. Kwetu, dodoso linalosambazwa kwa kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara lina ugonjwa huo huo, hata likijibiwa na watu elfu.

Kuna kundi jingine lisilokuwepo kwenye orodha ukishaisafisha: maduka yaliyofungwa. Ukihoji yaliyo wazi peke yake utadhani kwamba kukopesha wateja si tatizo, kwa sababu yaliyoangushwa na madeni hayapo kukujibu. Tafuta leseni za miaka miwili iliyopita ambazo hazikuhuishwa, uwatafute wenyewe, uwahoji kwa dodoso fupi la peke yao. Ni kazi ngumu. Ifanye hata kwa maduka 20, na uyaripoti mbali na yale yaliyo wazi.

Tuseme orodha safi ina maduka 240. Ili kujua uchukue mangapi kama sampuli, yaani maduka yatakayowakilisha yote, wengi hutumia fomula ya Yamane: hugawa idadi yote kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara kosa lililozidishwa kwa lenyewe. Kwa kosa la asilimia 5: 240 kugawa kwa 1 + (240 × 0.0025), yaani 240 kugawa kwa 1.6, unapata 150. Wanafunzi huiandika kama sala bila kujua imetengenezwa kwa kukadiria asilimia ya kundi moja. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, idadi hutegemea pia ukubwa wa tofauti unayotarajia kuiona, kwa hiyo mwone mtu wa takwimu mapema. Kisha gawa kwa matabaka. Kama barabara kuu ina maduka 48, ndani ya mitaa 128 na vibanda ni 64, chukua 30, 80 na 40. Ndani ya kila tabaka piga kura ya nasibu. "Nilichagua waliokuwa tayari" si nasibu.

Maduka 150 mara mbili kwa wiki ni ziara 300. Kwa siku tano ni 60 kila siku, yaani wakusanyaji wanne wenye ziara 15 kila mmoja. Ukiwa peke yako, punguza maduka au wiki sasa hivi, usije ukajaza fomu nyumbani usiku. Wapangie wakusanyaji saa za kwenda: maduka mengi hufungwa adhuhuri, na Ijumaa mchana usimsumbue mtu. Duka likikutwa limefungwa, rudi mara tatu kwa saa tofauti kabla ya kuliandika halikupatikana. Usilibadilishe na la jirani.

Msimu ni jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwingine havikukutahadharisha. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na kipato cha nyumba za wavuvi hupungua. Miezi hiyo hiyo ya mwanzo wageni nao huwa wachache. Kaskazi ikirudi, mambo hubadilika. Ramadhani hubadilisha kinachonunuliwa na saa za kununua, na shule zikifunguliwa pesa huenda kwenye karo. Wiki nane za Mei na Juni haziwezi kusemea mwaka. Ama upime vipindi viwili, ama uandike kipindi chako wazi ndani ya kichwa cha utafiti.

Dodoso liwe fupi, na liulize jana kabla ya kuuliza mwezi: "Jana, watu wangapi walichukua bidhaa na hawakuwa wamelipa mpaka ukafunga?" Swali hilo liulizwe kila ziara, ili deni nalo lipimwe kila wiki kama rafu. Epuka swali lenye vichwa viwili kama "Je, mikopo na bei huathiri biashara yako?" Tahadhari pia na ngazi za Likert, za "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa". Pwani mgeni hapingwi usoni, kwa hiyo ukisoma sentensi kumi zote zinazoelekea upande mmoja utakubaliwa kumi. Geuza nusu yake. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyolingana, ikifika 0.7 itakuambia maswali yanakwenda pamoja, haitakuambia kwamba yanapima ulichokikusudia. Kama unahoji kwa Kigiriama, mmoja atafsiri, mwingine asiyeona asili arudishe Kiswahili, kisha mlinganishe. Jaribu dodoso kwa maduka 15 ambayo hayamo katika sampuli.

Kabla ya yote hayo pata leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na upite ofisi ya chifu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu pia: mweleze mwenye duka unachokusanya na kwa nini, naye ana haki ya kukataa. Mpe kila duka namba, na ufunguo wa namba na majina uuweke mbali na data.

Kwenye hesabu, anza na kati, yaani tarakimu ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, kabla ya wastani. Maduka matano yakiuza shilingi 4,000, 5,000, 6,000, 7,000 na 48,000 kwa siku, wastani ni 14,000, na hakuna duka hata moja linalokaribia hapo. Kati ni 6,000.

Mwisho ni swali la kipi kilitangulia. Ukikuta maduka yenye deni kubwa ndiyo yenye rafu tupu, usikimbilie kuandika kwamba deni limemaliza mali. Huenda rafu ilikuwa tupu kwanza, wateja wa taslimu wakahamia kwa jirani, wakabaki wale wasio na pa kwenda ila kwa anayewakopesha. Au mtaji mdogo ndio mama wa yote mawili. Ndiyo maana tulipima kila wiki. Linganisha deni la wiki ya tatu na rafu za wiki ya nne, halafu geuza: rafu za wiki ya tatu na deni la wiki ya nne. Fanya hivyo kwa jozi zote saba za wiki, ukitenganisha maduka kwa mtaji yalioanza nao, ndipo uandike sentensi yako ya matokeo.