Saa inajua nina stresi, ila haijui ni ya nini

Tangu nianze kuvaa saa janja watu kazini wananiuliza swali moja tu, eti hiyo kitu inajuaje una stresi? Mi mwenyewe nilidhani ni usanii wa wauza saa. Baadae nikakaa nikasoma inavyofanya kazi, na kiukweli kuna kitu pale, ila sio kile wanachokutangazia.

Iko hivi. Igeuze saa, chini utaona vitaa vya kijani vinawaka waka. Ule mwanga unapiga kwenye ngozi na damu inaumeza, kwa hiyo kila moyo ukisukuma damu mwanga unaorudi unapungua, basi saa inahesabu mapigo hapo hapo. Ila stresi haiangalii sana wingi wa mapigo, inaangalia nafasi kati ya pigo na pigo. Mtu aliyetulia moyo wake haupigi tik tak kama saa ya ukutani, akivuta pumzi unakimbia kidogo, akitoa unapoa, yaani nafasi zinapishana pishana. Ukibanwa, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia na zile nafasi zinaanza kufanana, saa ikiona hivyo inakupa namba. Garmin, moja ya kampuni za saa hizi, wao wanakupa 0 mpaka 100, mwisho 25 umepumzika, kuanzia 76 umewaka, na hesabu hiyo imetoka kwa kampuni ya Finland inaitwa Firstbeat ambayo Garmin waliinunua mwaka 2020.

Sasa shida ndo hii, mwili ukiwaka hausemi umewaka kwa nini. Siku ya Simba na Yanga we kaa tu kwenye kochi, namba inapanda kama vile una kesi mahakamani, na goli likiingia, hata kama ni la timu yako, inapanda vile vile! Kahawa inaweza kuipandisha, homa inaipandisha, na bia ndo usiseme, unalala umefurahi kabisa asubuhi saa inakwambia usiku mzima mwili haukupumzika. Alafu ukiwa unatembea tembea, saa za aina nyingi zinaacha kupima stresi, maana mkono ukicheza vipimo vinavurugika.

Kwa hiyo mi naitumia kujua ni muda gani mwili umewaka, basi. Nikiona imepanda naandika kwenye simu nilikuwa nafanya nini, maneno mawili matatu basi. Na hapo ndo nikashangaa, maana siku zote nilikuwa namlaumu bosi, kumbe kwenye vikao vya kazi niko kawaida tu, kinachoniwasha ni jumapili jioni na lile grupu la WhatsApp la michango ya harusi, mwenyekiti wa kamati akianza kutaja majina ya waliotoa ahadi na hawajalipa, aisee. Nimeizima sauti ile grupu, naifungua mara moja kwa siku nikishakula. Hilo hakuna apu iliyonishauri.

Apu za kutuliza nazo nimejaribu kadhaa. Ya kupumua inafanya kazi, sibishi, vuta sekunde 5 toa sekunde 5, hapo unakuwa na pumzi 6 kwa dakika, na ukifanya hivyo zile nafasi za moyo zinazidi kupishana kweli. Ila hiyo haihitaji kulipia dola kila mwezi, jamani hata kuhesabu kimoyomoyo inatosha. Nyingine inakuwekea sauti ya mvua eti utulie. Mvua! Mtu unakaa bonde la Msimbazi hapa Dar, ukisikia mvua unawaza barabara ya Jangwani imeshafungwa na godoro liko chini, utulie wapi.

Kuna nyingine zinauliza maswali, na mimi hizo naziheshimu kuliko mwanga wa kijani. Dodoso moja maarufu la stresi la mwanasaikolojia Sheldon Cohen la mwaka 1983, siku hizi toleo linalotumika sana lina maswali 10, linakuuliza mwezi uliopita ni mara ngapi umeona mambo yamekuzidi huwezi kuyamudu. Mkono hauwezi kujibu hilo, unajibu wewe. Na kama majibu ni mabaya na usingizi umepotea wiki na wiki, hapo sio suala la apu tena, ni daktari, hata Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.

Kingine angalia unampa nani hizo habari. Mwaka 2023 kule Marekani BetterHelp, wanaotoa ushauri nasaha mtandaoni, walikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kushtakiwa kuwa walipeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, watu walienda kutafuta ushauri ujue. Sisi Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, sawa, ila apu ya kupumua inayotaka namba zote za watu zilizomo kwenye simu yako na mahali ulipo, we inyime tu.

Na kama unataka kununua saa kwa ajili ya stresi peke yake, subiri kwanza. Kuna apu zinatumia kamera ya simu, unaweka kidole juu ya kamera na taa yake, inasoma mapigo yale yale, cha msingi kidole kisicheze na usiongee. Pima asubuhi ukiwa bado kitandani, kabla ya chai na kabla hujagusa WhatsApp.