Mato ya Lema

Likizo ile ya Agosti nilishuka basi Mokowe nikiwa na begi la nguo, kompyuta mpakato na namba moja iliyokuwa imeninyima usingizi wiki sita. Nikapanda boti, nikavuka Lamu, nikamwamkia mama, nikala mahamri na mbaazi, na kabla ya alasiri nilikuwa nimeshaifungua kompyuta juu ya mkeka. Mama akapita, akatazama skrini, akasema nimekonda.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na kazi yangu ilikuwa kuiga sumaku ndani ya kompyuta. Chukua kimia, yaani nukta zilizopangwa kwa mpango unaojirudia, na kila nukta uipe spini, mshale mdogo unaoelekea juu au chini. Kisha toa amri moja tu: kila mtu apingane na jirani yake. Kwenye miraba amri hiyo haina taabu; juu, chini, juu, chini, kama ubao wa drafti. Kwenye pembetatu hukwama. Wawili wakishapingana, wa tatu hana pa kusimama, maana akimpinga huyu atafanana na yule. Hali hiyo mimi huiita ukwazo. Mwaka 1977 Gérard Toulouse aliipa jina lake la kitaalamu, lakini tatizo lenyewe ni kongwe zaidi: Gregory Wannier alishalikokotoa kwenye kimia cha pembetatu mwaka 1950.

Mimi nilipewa kimia kingine, cha kagome. Hapo pembetatu hugusana kwa ncha peke yake, na katikati yao hubaki pembesita tupu. Jina ni la Kijapani, na aliyeliingiza kwenye hesabu hizi ni Itiro Syôzi, mwaka 1951. Kago ni kikapu, me ni jicho. Nilikuwa nimelisoma hilo mara kadhaa na kulipita kama mtu apitavyo punda njiani.

Kagome ina hisani moja kwa mwanafunzi: nishati yake ya chini kabisa unaweza kuipata kwa kalamu. Pembetatu moja ina viungo vitatu, kimoja kwa kila jozi ya majirani, na hata ukijitahidi vipi, viwili vitaridhika na kimoja kitanung'unika. Kilichoridhika huhesabiwa −1, kinachonung'unika +1, kwa hiyo kila pembetatu inatoa −1. Kwa kila spini tatu kuna pembetatu mbili. Jibu ni −2/3 kwa spini, basi. Hiyo ndiyo sakafu. Unapoza sumaku yako ndani ya kompyuta, nishati inashuka, inashuka, inatua pale. Chini ya pale hakuna kitu.

Yangu ilipita sakafu. Tena si kwa unywele.

Msimamizi wangu alisema maneno machache: programu ina kosa, katafute. Nikatafuta. Nilianza na kanuni ya Metropolis, ile ya mwaka 1953 ambayo kila mtu katika fani hii huijua kama Alhamdu: chagua nukta kwa bahati nasibu, jaribu kuigeuza spini, nishati ikipungua kubali, ikiongezeka kubali mara mojamoja kwa kadiri ya joto. Ilikuwa sawa. Nikabadilisha chombo cha kutoa namba za nasibu. Nikaandika upya hesabu ya nishati kutoka mwanzo. Sakafu ikaendelea kuvuja.

Aliyekuwa meza ya pili, kijana wa Kisii mwenye subira kuliko mimi, alikuwa anaiga kwaki, zile chembe ndogo zinazoijenga protoni. Kimia chake kilikuwa cha pande nne, mmojawapo ukiwa ni wakati wenyewe, kwa njia aliyoianzisha Kenneth Wilson mwaka 1974. Nilikuwa namwonea wivu. Watu wa fani yake walikuwa wamekokotoa uzito wa protoni kwa njia hiyo, matokeo makubwa yakachapishwa mwaka 2008, na yakalingana na ule unaopimwa maabara. Ukijumlisha uzito wa kwaki tatu zilizomo, unapata sehemu ndogo tu ya uzito wa protoni. Uliobaki ni nishati ya vurugu ya mle ndani. Mimi nilikuwa na vishale vya juu na chini kwenye bapa moja, na vilikuwa vimenishinda. Siku niliyofunga safari aliniambia, bila kuinua macho, "Angalia kingo zako." Nikamjibu kingo zangu ni za kujirudia, hazina tatizo. Ukitoka kulia unaingia kushoto, ukitoka juu unaingia chini, na kimia hakina mwisho. Kila mtu hufanya hivyo. Yeye pia.

Siku ya tatu ya likizo mama alichoka na sura yangu, akanituma Matondoni nimpelekee Ami unga na sukari. Kusi lilikuwa bado lina nguvu, na Ami alikuwa haendi baharini. Alikuwa kivulini nyuma ya nyumba, kazungukwa na fito zilizochanwa nyembamba, anasuka lema, mtego wa samaki.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ushike hapa."

Ndivyo ilivyo kwa Ami, salamu haimalizi pumzi kabla hujapewa kazi. Nikachutama, nikashika. Malema nimeyaona tangu nizaliwe; utotoni tulikuwa tukijificha ndani ya yale mabovu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeyatazama mato yale (Ami husema mato, sisi tuliopitia shule tumeshaanza kusema macho) kwa karibu dakika nzima, ndipo nikahisi nywele zimenisimama. Fito zilikwenda pande tatu. Moja ya mlalo, mbili za mshazari. Zilipokatana, zilibakisha pembesita, na kuizunguka kila pembesita, pembetatu ndogo ndogo zikigusana kwa ncha. Nikahesabu majirani wa makutano mamoja kwa kidole: wanne. Kagome ilikuwa mkononi mwangu, inanuka maji ya chumvi.

Nilicheka peke yangu. Ami akauliza nacheka nini, nikasema hakuna.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia barazani na bado sina jibu. Kilichonisaidia ni hasira ya Ami. Alikuwa amefika pa kuuzungusha ubavu wa lema ili ncha zikutane. Akavuta, akaunganisha, akatazama, akasonya. Akaanza kuhesabu fito kwa sauti ya chini, akirudi nyuma mara mbili.

"Imezidi moja," akasema. "Tazama hapa pa kufungia. Jicho halikutimia. Mato yote mazima, hapa pana vijitundu vya kipuuzi."

Nikatazama. Palipoungwa, mistari miwili iliyopaswa kupishana ilikuwa imekutana bega kwa bega. Pembesita zimetoweka, na mahali pake zimejaa pembetatu zilizobanana.

Nilivyokitengeneza kimia changu ni hivi. Unaanza na kimia cha pembetatu kilichojaa, kisha unaondoa nukta moja katika kila nne: unaruka safu moja, na kwenye safu inayofuata unang'oa nukta moja na kuacha moja. Kazi ya mistari mitatu ya programu. Urefu wa upande nilikuwa naweka 15, 21 na 27. Kwa nini? Kwa sababu mwanzo nilijifunzia kwenye kimia cha pembetatu kilichojaa, na huko unatakiwa utumie urefu unaogawanyika kwa tatu, ili mpangilio wa vikundi vitatu usivunjike ukizunguka. Nikahamia kagome na mazoea yangu. Namba zote tatu witiri. Safu nzima, safu iliyong'olewa, safu nzima, na ya kumi na tano ni nzima. Ikifungwa, inakutana na ya kwanza, nayo nzima.

Bega kwa bega. Kwenye mshono ule kulikuwa na viungo vya ziada, spini zikipata watu wa kupingana nao zaidi ya stahili yao, na nishati ikishuka chini ya sakafu ya kagome kwa sababu pale haikuwa kagome tena. Hata ile dalili niliyokuwa nimeiandika daftarini bila kuielewa, kwamba kosa linapungua kimia kikikua, ilikuwa wazi sasa: mshono hukua kwa urefu, bapa hukua kwa eneo.

Mtu atauliza kwa nini wiki sita zote sikujaribu 16. Sikujaribu.

Nilimwambia Ami nakwenda mara moja narudi. Akanijibu kwamba kabla ya kwenda nitamsaidia kufumua. Tulifumua mpaka adhuhuri, jicho kwa jicho, na vidole vyangu laini vya chuoni vikachanika vitatu.

Usiku ule, Lamu mjini, umeme ulikatika mara mbili. Nikaweka 16, 18 na 24, namba za shufwa. Ya 24 ilipopoa vya kutosha ilisoma −0.6667 na haikutikisika. Ilinichukua siku nyingine nne kupata entropia, ile vurugu inayobaki hata joto likiisha kabisa, kwa kupoza hatua kwa hatua na kujumlisha. Jibu linalojulikana tangu mwaka 1953 ni 0.5018, wakati spini huru kabisa ingekuwa na 0.693. Yangu ilitoka 0.50 na vidogo vya kuyumba.

Nikamwandikia msimamizi mistari miwili. Akajibu mmoja: matokeo yote ya miezi mitatu yatupwe, anza upya.

Ijumaa baada ya swala nilimkuta Ami ufukweni, lema limekwisha, anafunga jiwe la kulizamishia. Nikauzungusha mkono ubavuni nikitafuta palipoungwa. Sikupaona.

"Wapapasa nini?" akaniuliza. "Shika kamba."