Tulihamishwa Nakawa, tukaanza kuugua Bwaise

Mwaka 2011 nyumba za zamani za Nakawa na Naguru, hapa Kampala, zilibomolewa ili mji mpya ujengwe. Zilikuwa zimechakaa, sikatai. Lakini maji ya bomba yalikuwa karibu, na mtoto akiugua usiku, jirani alijua nani wa kumwamsha.

Sisi tuliishia Bwaise, maana kodi ya huko ndiyo tuliyoiweza. Bwaise iko bondeni, kandokando ya kinamasi cha Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro hufurika, vyoo vya shimo navyo hujaa, na maji hayo yote huingia ndani. Ukutani kwetu kuna mstari wa tope unaomfika mtu mzima magotini; chini yake plasta imeshabanduka. Watoto wa dada yangu wanatoka malaria wanaingia kuhara.

Mama ana presha. Mwaka 2012 hospitali ya serikali ilifunguliwa Naguru, kulekule tulikotoka. Sasa ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ikikosekana, anaruka siku ili vidonge visimwishie. Presha haisubiri nauli, jamani.

Majirani waliokuwa na mshahara wa uhakika walipanga Ntinda, mtaa ulio karibu na Naguru. Sisi wengine tukateremka bondeni, na kila mwaka tofauti inazidi kuonekana miilini mwetu. Na ile ardhi ilikaa miaka mingi bila huo mji mpya!

Wanaopanga miji wawafuate waliohamishwa, wawapime afya. Nanyi mliotoka kule, wazee wenu wanapata dawa?