Latte ya chai, boga na viungo kwa ajili ya kipupwe cha Dar

Kila Septemba ikiingia, Insta yangu inageuka rangi ya chungwa. Majani makavu, masweta, mishumaa, na katikati ya yote hayo kikombe cha latte, yani kahawa ya maziwa mengi, chenye povu na mdalasini umenyunyiziwa juu. Wenzetu wa Marekani na Ulaya muda huo ndo baridi inawaingia, majani yanapukutika, giza linaingia mapema, wana haki yao. Sisi huku Dar ndo kwanza jua linaanza kurudi na hasira zake, na hadi ifike Desemba unakunywa chai huku feni iko namba tano na jasho bado linatoka. Kwa hiyo mimi latte hii nimeihamishia Juni mpaka Agosti, kipupwe, kale kamsimu ketu ambako kusi inavuma, usiku joto linashuka mpaka nyuzi 18, 19 hivi, na asubuhi watu wa Tabata tunapanda daladala na majaketi kama vile tumetokea Makete. Hapo kitu cha moto chenye viungo kinaeleweka.

Sasa hii latte ya boga yenyewe ina historia fupi tu. Starbucks, ile kampuni ya mikahawa ya Marekani, walianza kuijaribu 2003 kwenye maduka yao machache ya Vancouver na Washington, D.C., mwaka uliofuata wakaisambaza, na kilichonichekesha ni kwamba mpaka 2015 ndani yake hakukuwa na boga hata kidogo, ilikuwa ni viungo vinavyowekwa kwenye pai ya boga tu. Boga lenyewe waliliongeza baadae. Na ule mchanganyiko wa viungo haukuanza nao, kampuni ya McCormick ilikuwa inauuza kwenye kopo tangu 1934 ili wamama wa Marekani wasihangaike kupima kimoja kimoja. Kwa kawaida mchanganyiko huo una mdalasini, tangawizi, kungumanga, na matoleo mengi yana karafuu. Basi. Yani jamani hicho ndo kitu watu wanakisubiri mwaka mzima, na mimi hapa kabati langu la jikoni lina vyote hivyo tangu zamani, tangawizi, mdalasini na karafuu viko kwenye chai yetu ya kila siku na kungumanga utaikuta kwenye haluwa ya Zanzibar.

Tena ukifuatilia zaidi mambo yanapinduka: karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, na leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka Pemba. Boga nalo ni la Amerika. Kila mtu kaazima kwa mwenzake, kwa hiyo asije mtu akaniambia naiga mambo ya wazungu, nimechukua karafuu ya Pemba nikaiweka kwenye chai ya Mufindi, kosa langu liko wapi?

Ya kwao inatumia espresso, ile kahawa nzito ya mashine. Mimi natumia chai, na sio kwa sababu sina mashine (japo kweli sina). Chai yetu nyingi, ya Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara, ni ile ya vipunje vidogovidogo inayotoa rangi haraka na ina nguvu, na kwenye latte unahitaji chai ambayo maziwa hayaizamishi. Ukitumia yale majani marefu ya bei mbaya ya kunywa bila maziwa utapata maziwa yenye harufu ya chai kwa mbali, hela imepotea.

Tuanze na boga maana ndo lenye kazi. Sokoni usichukue tu bovu-bovu lolote eti kwa sababu linaenda kusagwa. Mwombe muuzaji akukatie kipande uone ndani: nyama iwe ya chungwa iliyokolea, na ukiibonyeza kwa kucha iwe kavu na ngumu, ile nyeupe-njano yenye majimaji itakupa uji. Mimi huwa nanunua kipande tu sinunui zima, Kisutu au hata pale kwenye meza za mtaani wanakata. Lipike na ganda lake kwa mvuke, maji kidogo chini ya sufuria, funika, likiiva unachota nyama na kijiko, ganda unatupa. Usilichemshe kwenye maji mengi, ladha yote inaenda kwenye maji afu unamwaga. Liponde, lipitishe kwenye chujio au blenda mpaka liwe laini kabisa, ukiacha nyuzinyuzi utazikuta kwenye meno wakati unakunywa na hapo raha yote imeisha.

Halafu shira. Nusu kikombe cha hilo boga, nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha maji, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini wa unga, robo ya tangawizi ya unga, kungumanga unaikwangua palepale kidogo sana, na chumvi ya kubana na vidole viwili. Moto mdogo, unakoroga, dakika kumi hivi mpaka iwe nzito na ing'ae. Mdalasini wa unga usiuweke mwisho juu ya maji, hauyeyuki ule, unaelea tu na ukikaa unakuwa kama utelezi, ukiuchanganya na sukari kavu kwanza kabla ya maji unatulia. Ukiweza kupata sukari guru tumia hiyo badala ya nyeupe, ina kale kaladha ka kuungua kidogo ambako kwa kweli kanaendana na boga kuliko kitu chochote. Shira hii ukiiweka kwenye chupa safi ya jamu inakaa friji wiki nzima bila shida, ndo maana nasema fanya siku moja afu siku nyingine zote ni dakika kumi na tano.

Chai sasa, na hapa ndo nataka tusikilizane. Kwa vikombe viwili vikubwa nachemsha maji kikombe kimoja na nusu, sio zaidi, maana tunataka chai kali ambayo maziwa yatakuja kuipoza. Kwenye kinu natwanga iliki sita na maganda yake, karafuu tatu, pilipili manga nne, natwanga kwa kupasua tu sio kusaga, kisha kijiti cha mdalasini na kipande cha tangawizi mbichi nilichokiponda. Vyote ndani ya maji ya baridi, washa moto, vichemke pamoja dakika nane mpaka kumi. Karafuu tatu ni tatu kweli, usijisikie ukarimu. Ile inayonukia kwenye karafuu ndo ileile inayotumika kutuliza jino linalouma, ukizidisha ulimi unakufa ganzi na hutasikia boga wala chai.

Tangawizi lazima ichemke na maji kabla maziwa hayajafika. Mnajua kwanini maziwa yanakatika ukiweka tangawizi mbichi? Ina kimeng'enya kinachogandisha protini ya maziwa, kuna watu China wanakitumia makusudi kutengeneza kitindamlo cha maziwa yaliyoganda, lakini kwenye chai hatukitaki. Moto wa kuchemka unakiua. Kwa hiyo wale mnaotupia tangawizi ya kukwangua kwenye maziwa ya vuguvugu afu mnamlaumu muuza maziwa, mwacheni (ingawa na yeye mengine yanakuwa yameshakutana na bomba njiani, hilo tunalijua).

Viungo vikishatoa harufu mpaka jirani anaanza kuongea kwa sauti dirishani, ndo unaweka majani ya chai, vijiko viwili vya chai vilivyojaa, dakika tatu, nne mwisho, zima, chuja. Tabia yetu ya kuacha chai itokote nusu saa na majani yake huku unaendelea kufua, hapa haifai. Itakuwa chungu ule uchungu wa kukausha mdomo, na sukari haiuondoi. Viungo ndo vinataka muda, majani hayataki, kwa hiyo haviingii pamoja.

Maziwa. Kama ni ya kuchota yachemshe kwanza kabisa yaive, yapoe, toa utandu. Ya pakti yanatoa povu zuri tu, usidharau. Kitu ambacho watu wengi hatukijui ni kwamba povu halipendi maziwa yanayochemka, likizidi nyuzi 70 hivi linalegea na maziwa yanaanza kunukia kupikwa, we yapashe mpaka yanatoa moshi na vipovu vidogo pembeni ya sufuria, ukitia kidole unakitoa haraka, zima hapo. Kimashine cha povu cha betri kinauzwa Kariakoo bei ya kawaida na kinafanya kazi. Kama huna, chukua chupa ya jamu yenye mfuniko, jaza maziwa ya baridi yasifike nusu, funga, tikisa kwa nguvu zako zote mpaka yameongezeka karibu mara mbili, fungua mfuniko, tia kwenye maikrowevu sekunde thelathini, povu linapanda lenyewe na kukaa. Ila usitikise maziwa ya moto kwenye chupa iliyofungwa, mvuke unasukuma mfuniko na utajiunguza. Kichapio cha mayai kwenye sufuria nacho kinawezekana kama mkono una subira.

Kupanga kwenye kikombe: shira vijiko viwili vya kula chini, mimina chai ya moto juu yake, koroga mpaka boga lote liachane na kitako, halafu maziwa ukiwa umezuia povu na kijiko, mwisho povu lenyewe linaangushwa juu. Kungumanga unaikwangua juu hapohapo. Nasema kukwangua kwa sababu ile ya unga iliyokaa kwenye kipakti tangu Idi iliyopita haina kitu tena, nunua kokwa zima moja, litakaa hata mwaka, ukilikwangua kwenye kikwangulio cha karoti kwenye yale matundu madogo inatoka harufu ya utamu, ya ubichi flani na ukali kwa mbali, hapo ndo utaelewa kwanini watu walipigania visiwa vya Banda huko Indonesia kwa sababu ya kokwa hili.

Mama mdogo alikuja jioni moja nikamwekea. "Shikamoo mama mdogo, karibu chai." Marahaba, akakaa, akaangalia kikombe, akalisogeza povu na kijiko kama anatafuta kitu. "Hii ni futari umeweka kwenye kikombe?" Nikamwambia onja kwanza. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena, akasema, "Tamu. Lakini mwanangu, chai nusu povu, mtu atashiba na nini? Vitumbua viko wapi?" Na kusema ukweli ana pointi, kinywaji hiki kina sukari yake na uzito wake lakini peke yake hakikai, vitumbua ni sawa, mimi napendelea mkate wa kumimina ambao haujazidi sukari, mandazi yenye iliki nyingi hapana, yanagombana.

Kuna wanaoniuliza kuhusu tui la nazi badala ya maziwa, hasa wale ambao maziwa yanawasumbua tumbo. Linaenda, tena na boga ndo usiseme, si tunapika boga la nazi kila Ramadhani? Tumia tui la kwanza lakini ulichanganye na la pili, na ulipashe huku unakoroga bila kuacha, ukiliacha lichemke peke yake linakatika na mafuta yanaelea juu. Povu halitoi la maana, hilo likubali. Na sukari punguza maana nazi ina utamu wake.

Hizi latte za kafe za Masaki ninazozionja mara mojamoja, kikombe kimoja kinapita elfu kumi, nyingi wanatumia siropu ya chupa na unaisikia kabisa, utamu unatangulia na viungo vinakuja vimechoka. Sisemi ni mbaya, kiti ni kizuri na kiyoyozi kipo. Ila viungo vya pakti za mia tano mia tano kutoka sokoni vinakutolea vikombe vya mwezi.

Na Desemba ikifika joto likatuvaa, usiitupe shira. Chai kali ileile ya viungo, iache ipoe kabisa kwanza, jaza glasi barafu mpaka juu, shira vijiko vitatu kwa sababu baridi inaficha utamu, chai nusu, maziwa ya baridi taratibu juu yake. Mdalasini wa unga usinyunyize kwenye ya barafu, unashikana mabonge. Kwangua kungumanga, kidogo.