Kibubu ambacho ufunguo wake ulikaa benki

Kibubu chenyewe ni cha chuma, kinaenea kiganjani, kina mshikio juu na tundu la kutumbukizia sarafu. Chini kuna kitundu cha ufunguo, lakini ufunguo haupo. Ukikitikisa, ndani inalia sarafu moja. Mbele pamechongwa jina la benki iliyokufa zamani. Nilikabidhiwa na mama anayetunza makumbusho ya mji mdogo hapa Nebraska, jimbo la Marekani, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Lincoln ninakoishi. Alitaka niandike kadi za maelezo za kabati moja la maonyesho: kibubu hicho, pamoja na matangazo ya maduka na benki ya wakati magari yalipoanza kuingia mjini. Nilikuwa na majuma sita, na Kiingereza nilichojifunzia ukubwani.

Naeleza nilivyofanya kwa sababu wako wenzetu wengi huku wanaokwepa kazi za namna hii wakidhani ni za wenyeji tu.

Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni, bure, picha za magazeti ya zamani ya miji midogo. Nilianza kwa kutafuta neno “benki” na nikapoteza juma zima. Kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia, na kinachopatikana ni vipande vipande. Nikabadili njia. Nikachukua gazeti moja la kila wiki, nikasoma matoleo mawili tu kwa mwaka, la Oktoba na la Desemba, kuanzia 1908 hadi 1925, kila ukurasa, juu hadi chini. Oktoba niliichagua kwa akili ya dukani. Nimekulia nyuma ya kaunta ya baba yangu Morogoro, na mwenye duka yeyote katika nchi ya wakulima anajua mwezi ambao mahindi yanageuka kuwa fedha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini. Katikati ya habari za wagonjwa na wageni kulikuwa na mistari miwili mitatu isemayo kwamba duka fulani limepokea makoti mazuri ya baridi. Niliinakili kama habari za mji. Siku ya tatu nikaona kwamba katika magazeti ya miaka ya baadaye mistari ileile inaishia na kifupisho kidogo cha neno “tangazo”. Kumbe sheria ya mwaka 1912 iliwalazimisha wenye magazeti kuweka alama kwenye maneno yaliyolipiwa. Nikafuta kurasa nne za daftari langu, nikaanza upya.

Kibubu nacho kilinisumbua. Niliandika kwenye kadi ya kwanza kwamba ufunguo umepotea. Jumapili nikampigia baba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Vipi huko, baridi imepungua?”

Nikamweleza kibubu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Ufunguo haukupotea. Ungempa mtu kibubu pamoja na ufunguo, angerudi kwako kufanya nini? Chupa ya soda niliitoa bure mimi? Lazima airudishe, na akiirudisha ananunua nyingine.”

Nilirudi magazetini na maneno hayo kichwani, na ndivyo ilivyokuwa. Benki iliazima kibubu, ufunguo ikabaki nao. Mtoto alijaza senti zake nyumbani, mama yake akampeleka mjini, karani akakifungua na kuandika kiasi kwenye kitabu cha akiba. Familia nzima imeshaingia mlangoni.

Tangu hapo nilisoma kila tangazo kwa swali moja: huyu anaogopa mteja wake aende wapi? Kurasa zikafunguka. Benki ziliogopa godoro, yaani fedha kufichwa nyumbani, kwa sababu watu hawakuwa wamesahau hofu ya 1907, benki zilipozuia fedha za wateja. Halafu zikaiogopa posta, iliyoanza kupokea akiba mwaka 1911 kwa riba ya asilimia 2, ikiwa na serikali nyuma yake. Mwaka huohuo mfuko wa dhamana wa jimbo la Nebraska, wa kuwalipa wenye akiba benki yao ikianguka, ukaanza kufanya kazi, na benki zilizosajiliwa na jimbo zikaunadi mfuko huo kila wiki. Benki za leseni ya taifa hazikuruhusiwa kuingia, kwa hiyo zenyewe zikajisifu kwa ukaguzi wa serikali kuu ya Washington. Mapambano hayo yamo katika viboksi viwili vidogo vilivyokaa ukurasa mmoja. Inaniuma kujua kwamba mfuko ule ulielemewa benki zilipoanguka kwa wingi miaka ya 1920, ukafutwa 1930. Watu waliweka akiba zao kwa sababu ya neno “dhamana”.

Maduka yaliogopa katalogi za kuagizia bidhaa kwa posta. Kuanzia Januari 1, 1913 posta ilianza kubeba vifurushi, na Sears na Montgomery Ward, makampuni makubwa ya katalogi hizo, wakaingia jikoni kwa mkulima. Wenye maduka wakahimiza watu wanunue mjini kwao, wao wenyewe wakawa wanapokea mayai na siagi badala ya fedha, wanafungua hadi usiku wa Jumamosi, hata wanatenga chumba cha kupumzikia wake wa wakulima na watoto wao. Baba alipenda sana hilo la chumba.

Na gari? Gari liliwaletea mteja kisha likamchukua. Mwanzoni mafuta yaliuzwa na duka la vifaa vya chuma au na mhunzi, na banda la kukodisha farasi likageuka gereji. Model T, gari la Ford, ya abiria watano ilikuwa dola 850 mwaka 1908. Kufikia 1925 ile ndogo ya watu wawili ilikuwa dola 260. Mwenye gari aliweza kupita mlango wa duka la mjini kwake na kwenda kununua Lincoln au Omaha. Kilichonishangaza zaidi ni mpango wa Ford wa 1923: mteja anaanza na dola 5, anaongeza kila wiki, na wakala anaweka fedha hizo benki ya hapohapo mjini mpaka zitimie bei ya gari. Benki iliyokuwa ikimhubiria mkulima aweke akiba ikawa inamtunzia akiba ya gari.

Niliandika kadi sita. Ya kibubu ina sentensi tatu, na ya kwanza inasema ufunguo ulikaa benki kwa makusudi. Mama wa makumbusho aliisoma mara mbili, akauliza kama tumwite fundi akifungue tuione sarafu. Tulikubaliana kisifunguliwe. Kiko rafu ya kati, ambako mtoto anaweza kukifikia, na anaruhusiwa kukitikisa.