Bundi na macho makavu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii macho yamenitesa, yanawasha kama yana mchanga, nikaenda kliniki nikaambiwa ni makavu, machozi hayatoshi, nikapewa dawa ya matone. Mama mmoja wa jumuiya akanitania, "we si ndo hulii hata msibani?" Nikacheka ila iliniingia.

Usiku usingizi ukakata, juu ya bati bundi analia (yule mnaesema mkosi, hebu tuacheni hizo, Mungu ndo kamuumba), nikashika simu nikaanza kusoma habari za macho yake. Jamani! Jicho la bundi haligeuki kabisa, limeshikwa na pete ya mfupa, ndo maana anazungusha shingo mpaka nyuzi 270 hivi. Na ana kope la tatu, utando unaopita juu ya jicho ukisambaza majimaji, anaufunga pale anapomrukia panya au akimlisha kinda asije akadonolewa jicho. Ndani kwenye tundu la jicho kuna tezi ya kuulowesha huo utando, inaitwa tezi ya Harder, Mswisi aliyeieleza mwaka 1694 kwa kulungu. Kwa ndege hiyo tezi hailainishi tu, imejaa chembe za kinga za kupambana na vijidudu. Yaani palepale yanapotoka machozi ndipo walipokaa askari!

Bundi halii kwa huzuni, najua. Ila mimi na wewe tunalia, na hapo ndo nina neno. Baba alipofariki nilisimama kaburini mkavu, watu wakanisifu eti nina imani. Haikuwa imani wapendwa, kilikuwa kiburi, na toka siku ile hata kuomba kwangu kumekuwa kama kusoma matangazo ya kanisani. Na nyie mnaowakimbilia wafiwa na "usilie, unamkufuru Mungu", hayo mmeyatoa wapi? Yesu alilia kwa Lazaro na huku anajua anaenda kumfufua! Yule wa Zaburi 102 anajifananisha na bundi wa mahameni, mistari mitatu mbele anakunywa kinywaji kilichochanganyika na machozi, na hayo ni maombi, yamo kwenye Biblia yako. Mwacheni mjane alie. Mwacheni na mwanaume alie, mshike bega, kaa kimya, ugali utapikwa tu.

Jana nimempigia dada, hatukuwahi kuongea habari za baba toka arobaini. Hatukusema mengi. Matone bado naweka, asubuhi na jioni.