Inapodondokea sipo inapotokea

Jumapili, usiku. Kucha bado nyeusi, na nimeshaosha mikono mara tatu.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikitandika kipande cha boksi chini ya gari kila jioni, na asubuhi nakikagua kabla hata ya kupiga mswaki. Doa la oili lilikuwa palepale, chini ya sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini), ukubwa wa kisoda. Nikajiaminisha kuwa ni gasketi ya sampo, ule utepe unaoziba maungio yake. Nikapiga jeki, nikaweka stendi (jeki peke yake silali chini yake hata dakika moja), nikakaza bolti zote mpaka mkono ukauma. Kesho yake doa likawa kubwa zaidi. Gasketi iliyozeeka ukiikaza kwa hasira inabinyika tu.

Leo nimefanya nilichopaswa kuanza nacho: kuosha injini. Dawa ya grisi, brashi, maji kidogo mbali na alteneta. Ilipokauka nikaiwasha, nikaiacha ingurume robo saa, kisha nikamulika tochi kuanzia juu kushuka chini. Hapo ndipo nilipouona: uzi mwembamba wa oili unang'aa kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), unateremka ubavuni mwa injini, unafuata ukingo wa sampo hadi bolti iliyo chini kuliko zote. Tone moja moja lilikuwa likiangukia bomba la ekzosi. Kumbe ndiyo ile harufu ya kuungua niliyokuwa nikiwasingizia wenye malori mbele yangu.

Nikaifungua kava. Gasketi ya mpira ilikuwa imekauka. Nilipoipinda ikakatika kama biskuti. Na ndani, pembezoni, silikoni imepakwa kama siagi kwenye mkate, vipande vingine vinaning'inia. Kipande kama hicho kikidondoka kinaweza kufika kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba, halafu injini inazunguka kavu. Nilianza kumlaani aliyeipaka, nikakumbuka ni mimi, miaka minne iliyopita. Safari hii nimepaka kidogo tu, kwenye kona mbili ambazo kitabu cha gari kinazitaja.

Kilichonifikirisha zaidi ni kile kivalvu cha kupumulia injini. Kikiwa kizima, ukikitikisa kinalia tik tik. Changu kimya kabisa, kimeziba kwa uchafu mweusi. Injini ikiwaka, gesi kiasi hupenya kando ya pistoni na kushuka chini. Isipopata njia ya kutokea, presha inapanda na kuisukuma oili nje kupitia sili na gasketi yoyote iliyochoka. Ningebadilisha gasketi peke yake, baada ya muda ningerudi palepale. Nimeweka kipya, ni kazi ya dakika mbili.

Bolti za kava nimezikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Kitabu kinataka Nm 9 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), nguvu ya kiganja, wala si ya bega. Mkono wangu ulitaka kuongeza kidogo. Nikaiweka spana chini.

Gasketi ya sampo niliyoibinya mwenyewe itasubiri Jumamosi. Nimetandika boksi jipya, nimeandika tarehe pembeni.